Nukta Haina Nusu

Mhariri akipokea shairi la mizani 16, akaona mshororo mmoja unamkwaruza ulimi, akauongeza silabi mbili ili uteleze, hawi amelitengeneza shairi hilo, amelivunja. Hata akila yamini kwamba nia yake ilikuwa njema, na hata wasiojua mizani wakisifu kwamba mshororo sasa umelainika, malenga mwenye shairi ana haki ya kulia kwamba amedhulumiwa. Ulaini haukuwamo katika mkataba. Mkataba ulikuwa 8 na 8, kina cha kati na kina cha mwisho, na kila silabi kukaa pale ilipo kwa sababu yake.

Dhuluma ya namna hiyo, ambayo hakuna mpenzi wa ushairi katika mwambao huu angeivumilia hata kwa ubeti mmoja, hutendeka kila saa katika vivinjari vya intaneti, na inayotendewa ni herufi. Si herufi zote. Ni zile herufi za nukta, zilizosanifiwa tone kwa tone kwa ajili ya vioo vya kompyuta na simu katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, ambazo wasanii wengi wanazirudia leo na kutunga nyingine mpya kwa kanuni zile zile. Kivinjari huzipokea zikiwa kavu na wazi, kikazilainisha kingo, kikazipaka kijivu pasipotakiwa kijivu, kisha kikamkabidhi msomaji kitu chenye ukungu na kuuita ukungu huo uzuri.

Asiyezijua herufi za nukta atazielewa kwa mkeka. Mwanamke anayesuka ukili wenye nakshi hana njia ya tatu: ukindu wa rangi ama unapita juu ya mwenziwe ukaonekana, ama unapita chini ukafichika. Nakshi yote, iwe ya kushangaza namna gani, imetokana na chaguo hilo moja lililorudiwa mara elfu. Herufi ya nukta ni hivyo hivyo. Kioo kimegawanywa vyumba vidogo vya mraba, na kila chumba ama kina wino ama hakina. Msanifu wa herufi hana mviringo, hana mshazari wala unene wa kupanda na kushuka. Ana nukta, na ana uamuzi wa kuiweka au kuiacha.

Kwamba huo ni usanii, na si ufundi wa kubahatisha, historia imeshahukumu. Kompyuta ya Macintosh ilipotoka Marekani mnamo Januari 1984, kioo chake kilikuwa na nukta 512 kwa upana na 342 kwa urefu, nyeusi na nyeupe tu, bila kijivu hata kidogo. Susan Kare, msanii aliyeilinganisha kazi ya nukta na ushonaji wa nakshi na upangaji wa vijiwe vya rangi, ndiye aliyepewa kazi ya kukitungia kioo hicho herufi. Miongoni mwa alizozitunga ni ile iitwayo Chicago, ambayo ilikuwa ndiyo sauti ya mashine hiyo kwa zaidi ya miaka 10, na ikarudi tena mwaka 2001 katika kioo kidogo cha iPod ya kwanza. Miguu ya Chicago ina unene wa nukta mbili, na unene huo haukuchaguliwa ovyo. Kioo kisichokuwa na kijivu kilikuwa na namna moja tu ya kuonyesha kwamba amri fulani kwa wakati ule haitumiki: kuziondoa nukta, moja ndani moja nje, mpaka neno likafifia. Chicago ilikuwa nene kiasi cha kustahimili kunyang'anywa nusu ya mwili wake na bado ikasomeka. Mwenye kuitazama herufi hiyo anatazama hesabu iliyokamilika. Ongeza nukta moja, ondoa nukta moja, na kitu kimeharibika. Mwaka 2018 chama cha wasanifu michoro wa Marekani, AIGA, kilimtunukia Kare nishani yake.

Wala si yeye peke yake. Mwaka 1985, katika jimbo la California, Zuzana Licko wa jarida la Emigre alikaa mbele ya mashine hiyo hiyo akatunga herufi ambazo hazikujaribu kuficha mraba wake. Wenziwe wengi wa wakati ule walikiona kioo cha nukta chache kuwa ni umaskini wa kungojewa upite. Licko alikiona kuwa ni bahari, kwa maana ile washairi waijuayo: kipimo ulichokipokea, ambacho ndani yake ama una la kusema ama huna. Vioo vikatajirika, umaskini ukapita, na herufi zake hazikupita nao. Zilitolewa upya mwaka 2001 kwa jina la Lo-Res na bado zinatumika.

Na pwani hii nayo ina hisa yake katika jambo hili, ingawa haikuzisanifu herufi hizo. Kwa wengi wa Afrika Mashariki, Kiswahili cha kwanza kusomwa juu ya kioo kilichoshikwa kiganjani kilikuwa cha nukta. Kioo cha simu ya Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000, kilikuwa na nukta 84 kwa 48. Cha Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, kilikuwa na 96 kwa 65. Ndani ya uwanja huo mdogo, usiotosha hata ubeti mmoja wa tarbia kuonekana wote kwa mara moja, zilipita salamu za Idi, zikapita taarifa za misiba, zikapita posa na majibu yake. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, simu za namna hiyo ndizo zilizowafikishia watu habari ya fedha zao. Herufi hizo basi ni sehemu ya historia ya usomaji wa Kiswahili, kama zilivyo sehemu yake khati za waandishi wa misahafu wa Siyu na maandishi ya mashine ya taipu. Anayezionyesha zikiwa na ukungu ambao hazikuwa nao anaitolea historia hiyo ushahidi wa uongo.

Ni vyema kueleza ukungu huo unatoka wapi, maana wengi wanaoulalamikia wanaulaumu macho yao. Herufi za leo hazihifadhiwi kama nukta. Huhifadhiwa kama mistari ya mzingo, yaani hesabu ya mipaka ya umbo, ambayo inaweza kukuzwa na kupunguzwa kwa kiasi chochote. Kivinjari kinapotaka kuionyesha, huulandanisha mzingo huo na vyumba vya kioo, kisha hukiuliza kila chumba: umefunikwa kiasi gani? Kilichofunikwa chote hupakwa weusi; kilichofunikwa nusu hupakwa kijivu cha nusu; cha robo, kijivu cha robo. Kwa herufi yenye mviringo huu ni ukarimu mkubwa, kwani jicho likiwa mbali kidogo hukichanganya kijivu hicho na weusi likauona mviringo ambao kioo hakina.

Herufi ya nukta haina mviringo wa kuokolewa. Na kwa kuwa hakuna kivinjari ambacho msanifu anaweza kukitegemea kiionyeshe fonti iliyohifadhiwa kwa nukta tupu, hulazimika kuijenga upya herufi yake kwa mizingo: kila nukta mraba wake. Kisha huomba dua kwamba kila mraba utaangukia juu ya chumba kamili. Dua hiyo mara nyingi haitakabaliwi. Chukua herufi yenye urefu wa nukta 16 na miguu ya unene wa nukta mbili. Msomaji ana kompyuta ya Windows iliyowekwa ikuze kila kitu kwa asilimia 125, jambo la kawaida kabisa katika kompyuta za mapajani. Urefu wa 16 unakuwa 20, na kila nukta ya herufi inadai chumba kimoja na robo. Mguu wa kwanza, ulioanzia ukingoni, unapata vyumba viwili vyeusi na cha tatu chenye kijivu cha nusu. Mguu wa pili, unaoanzia nukta ya nne, unapata kijivu cha robo upande huu, vyumba viwili vyeusi katikati, na kijivu cha robo upande wa pili. Miguu miwili iliyozaliwa pacha sasa haifanani hata kwa mbali. Na si ukuzaji peke yake unaoleta balaa. Hata ukubwa ukiwa sawasawa, maneno yakiwekwa katikati ya ukurasa na nafasi iliyobaki ikawa ya idadi witiri, mstari mzima huweza kuanzia kwenye nusu ya chumba, na kila ukingo uliokuwa mweusi ukageuka kijivu.

Mshairi ataielewa hesabu hii kabla ya mhandisi. Uchukuliwe mshororo huu uliotungwa kwa ajili ya mfano: *kila herufi kwa shani, kila tone kwa kipimo*. Ukwapi una 8, utao una 8, jumla 16. Sasa aje mtu aseme kwamba maana ingekamilika zaidi kwa kuandika *kila tone kwa kipimo chake*. Maana haikuharibika, pengine hata imeongezeka. Lakini utao sasa una 10, kina cha mwisho kimepotea, na mghani atajikwaa papo hapo. Kwa sadfa njema, ipo fonti ya nukta iitwayo GNU Unifont, iliyoanzishwa na Roman Czyborra mwaka 1998, ambayo herufi zake za Kilatini zimejengwa juu ya uwanja wa nukta 8 kwa 16. Nane na kumi na sita: idadi zile zile ambazo sikio la pwani limelelewa nazo. Kuionyesha fonti hiyo kwa urefu wa 20 ni sawa na kuughani utenzi kwa mizani 10. Kwa 32 itakaa, kwa 48 itakaa, maana kila nukta itakuwa mbili au tatu kamili. Kati ya hapo kuna vurugu tupu.

Watetezi wa vivinjari wana majibu, na majibu hayo yanastahili kusikilizwa moja baada ya jingine.

Jibu la kwanza ni kwamba tatizo limekwisha lenyewe, kwa kuwa vioo vya leo vina nukta nyingi mno. Ni kweli kwamba kioo cha Macintosh ya 1984 kilikuwa na nukta 72 kwa inchi, na kwamba simu ya iPhone 4 ya mwaka 2010 ilifika 326. Lakini hoja hii inamgeukia msemaji wake. Kioo chenye nukta nyingi ndicho chenye nafasi kubwa zaidi ya kuikuza herufi ya nukta kwa mafungu kamili, mara tatu, mara nne, mara tano, bila kukosa ukubwa unaomfaa msomaji. Tajiri anapokataa kulipa deni alilokuwa akilikataa wakati wa umaskini wake, udhuru wa umaskini umemtoka. Uliobaki ni ujeuri. Tena si wote walio na vioo hivyo. Kompyuta iliyonunuliwa mitumba na kioo cha ofisi kilichokaa juu ya meza tangu zamani vingali vikifanya kazi, na wenye vifaa hivyo ndio wanaoletewa ukungu mzito zaidi.

Jibu la pili ni la dharau: kwamba anayetaka herufi hizo ni mtu wa kuabudu ya kale. Dharau hii ina ukweli mdogo ndani yake, na haifai kuukana. Wapo wanaozipenda kwa kuwa zinawakumbusha utoto, na hakuna mwenye akili atakayedai riwaya nzima ichapwe kwa Chicago. Hata hivyo, mwenye dharau hajui deni lake mwenyewe. Fonti ya Verdana, iliyotolewa na Microsoft mwaka 1996 ili isomeke vizuri kwenye vioo, na ambayo dunia nzima iliisoma kwa miaka mingi katika kurasa za intaneti, Matthew Carter aliianza kwa nukta. Kwanza aliamua nukta ipi iwepo na ipi isiwepo kwa kila ukubwa, ndipo akachora mzingo wa kuizunguka. Ulaini wenyewe unaosifiwa leo ulijifunza kusimama kwa kuushika mkono wa nukta. Kipya kinyemi ingawa kidonda, wahenga walisema. Hawakusema kwamba kwa ajili ya kinyemi hicho mkono wa mwenye mbinu ya zamani ukatwe.

Jibu la tatu ndilo zito, na limo katika khati ya Kiarabu. Mtetezi wa ulaini anaweza kusema kwamba nukta hazikuwa na haki sawa kwa wote. Uwanja wa 8 kwa 8 ulipimwa kwa mwili wa herufi za Kilatini, zinazosimama kila moja peke yake. Herufi za Kiarabu, ambazo Kiswahili kiliandikwa nazo kwa karne nyingi na ambazo tenzi za zamani zimehifadhiwa nazo, huungana mkono, hushuka chini ya mstari, hupanda juu yake, na kila moja hubadili umbo kwa kumtazama jirani yake. Katika uwanja ule mdogo ziliminywa mpaka tumbo la *jimu* likagusana na nukta yake. Ni mzingo laini uliozirudishia pumzi. Hilo ni kweli, na anayezitetea herufi za nukta bila kulikiri hana uaminifu.

Lakini litazamwe vizuri jambo lililokuwa dhuluma pale. Dhuluma haikuwa nukta. Nukta katika khati ya Kiarabu ni kipimo chenye heshima kubwa: tangu Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940, urefu wa alifu hupimwa kwa nukta za kalamu ile ile inayoiandika, na herufi nyingine hupata uwiano wao kwa alifu hiyo. Dhuluma ilikuwa kuichukua sheria ya khati moja na kuifanya mlango ambao khati nyingine zote lazima zipite, ziwe zinaenea zisienee. Na hicho hicho ndicho kinachofanywa leo, mwelekeo ukiwa umegeuzwa tu. Sheria ya mzingo, iliyo haki kwa naskhi na haki kwa herufi za Kilatini zenye mviringo, imefanywa mlango wa lazima kwa herufi ambazo hazikuzaliwa na mviringo. Aliyeonja uchungu wa kwanza angetazamiwa kuwa wa mwisho kuushangilia wa pili.

Ushairi wa Kiswahili ulipita katika mtihani unaofanana na huu, na umetoka na fundisho. Kaluta Amri Abedi aliandika sheria za kutunga mashairi katika kitabu kilichotoka mwaka 1954. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi akatoa *Kichomi*, mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani, na ugomvi ukawaka kati ya wanamapokeo na wanausasa. Yalisemwa mengi, mengine ya busara, mengine ya hasira. Lakini katika vumbi lote lile, mchapishaji hakuthubutu kuyakata mashairi ya Kezilahabi vipande vya 8 na 8 ili yawafurahishe wanamapokeo, wala hakuzitiririsha tenzi kama nathari ili ziwafurahishe wanausasa. Kila mtunzi alichapwa kwa sheria yake, na msomaji akaachiwa kuhukumu. Adabu hiyo ndogo, ambayo kila matbaa yenye heshima inaijua, ndiyo inayokosekana katika vivinjari.

Kinachochukiza zaidi ni kwamba hawakosi uwezo. Picha imeshapewa haki ambayo herufi imenyimwa. Ipo amri katika kanuni za CSS inayokiambia kivinjari: ikuze picha hii bila kuilainisha, kila nukta ibaki mraba wenye kingo kali. Chrome iliipokea mwaka 2015, Firefox mwaka 2021, na leo michoro ya michezo ya zamani huonekana kama ilivyochorwa. Maandishi hayana amri kama hiyo. Katika rasimu za awali za kanuni za fonti lilikuwamo pendekezo la kumruhusu mwenye ukurasa kuuzima ulaini, nalo likaondolewa. Kilichobaki ni amri zisizo rasmi ambazo husikika katika kompyuta za Apple tu na kupuuzwa kwingineko. Na hata pale zinaposikika hazitoshi, kwa sababu kuzima ulaini bila kushika mafungu kamili kunaufanya mguu mmoja wa herufi uwe na nukta mbili na mwenziwe tatu.

Ndiyo maana wasanii wamegeukia viraka. Baadhi huyageuza maneno yao kuwa picha, ili yaipate haki ya picha. Lakini neno likishakuwa picha limekufa kama neno. Halinakiliki, halitafutiki, na programu inayomsomea asiyeona hufika hapo ikanyamaza, isipokuwa mwandishi akumbuke kuliandika neno hilo hilo mara ya pili, pembeni. Wengine huyapitisha maandishi katika chujio linalokigeuza kila kijivu kuwa cheusi au cheupe, na huku ni kumfukuza mgeni ambaye hakuna aliyemwalika. Wengine hufanya hesabu, huweka 16 au 32, na hesabu yao huvunjika mara tu msomaji anapoukuza ukurasa kwa asilimia 110. Kumlazimisha mtu achague kati ya herufi iliyo wazi na kipofu aliye sikioni ni kumtwisha lawama isiyo yake.

Wenye vivinjari watasema kwamba wanaohitaji jambo hili ni wachache, na kila amri mpya ni mzigo wa kutunzwa miaka na mikaka. Uchache haujapata kuwa hoja mbele ya sanaa. Wanaoweza kutunga kwa bahari zisizozoeleka nao ni wachache, na hakuna aliyependekeza bahari hizo zifutwe. Tena uchache huu unatengenezwa. Mwaka 2019 Pango, programu inayopanga maandishi katika mifumo mingi ya Linux, iliacha katika toleo lake la 1.44 kuzipokea fonti za nukta za miundo ya zamani, na waliokuwa wakizitumia kila siku waliamka wakakuta miraba mitupu mahali pa maneno. Mlango ukishafungwa, wapitao hupungua. Kisha upungufu wao hutajwa kuwa ndio sababu ya kuufunga. Usiache mbachao kwa msala upitao, wasema wenyewe, na hapa mbachao umechanwa na aliyeukuta umetandikwa.

Linalodaiwa si kubwa. Kwanza, mwenye kusanifu fonti au kuandika ukurasa aweze kutamka, kwa amri rasmi inayosikika katika kila mfumo, kwamba herufi hizi zisilainishwe. Pili, herufi zilizotamkwa hivyo zikuzwe kwa mafungu kamili ya nukta za kioo, kivinjari kikichagua fungu lililo karibu zaidi na ukubwa ulioombwa. Tatu, kila herufi ianzie kwenye chumba kamili, na nusu inayobaki itupwe kwenye nafasi iliyo tupu, ambako haimdhuru mtu. Wala hakuna katika haya matatu linalomnyang'anya msomaji chake: asiyeona vizuri ataukuza ukurasa kama kawaida, na herufi itampandia kutoka 16 hadi 32, kutoka 32 hadi 48, ikiwa kubwa zaidi na wazi kama ilivyokuwa. Asiyezipenda kabisa herufi hizo ataendelea kuwa na uhuru wake wa kuiamuru mashine yake itumie nyingine. Huo ni uamuzi wa msomaji, na ni haki yake. Kisicho haki ni mtu wa kati, asiye mtunzi wala msomaji, kuamua kimyakimya kwa niaba ya wote wawili.

Msuka mkeka hulipwa kwa nakshi iliyokaa sawa. Mnunuzi anayeushika mkononi huupindua, akautazama kwa nyuma, akafuata ukindu mmoja mmoja kwa kidole aone kama umepita juu pale ulipopaswa kupita juu. Akikuta mahali umesitasita, si juu si chini, hauiti usitasitaji huo ulaini. Huurudisha.